Kusakinisha Linux Mint kwenye laptopu ya zamani bila kuhatarisha mafaili ya kazi

Mwl_Fizikia (muulizaji)

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Laptopu ninayoitumia ni Core i3 ya kizazi cha 5, ina RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500, na ndani yake imo Windows 10, ambayo Microsoft ilikoma kuitolea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haiikubali mashine hii. Nimesoma kwamba Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaoweza kutumika badala ya Windows, inamfaa anayeanza, lakini kabla sijagusa chochote ningependa kujua kama ninaweza kuiweka bila kuiondoa Windows, kama mitihani niliyoandika kwa Word yenye milinganyo mingi itafunguka vizuri, na kama bando la simu litatosha, kwa kuwa sina intaneti nyingine. Matokeo ya wanafunzi yamo humo humo, nami siko tayari kuyahatarisha.

Fundi_Nyamagana

Mwalimu, kwa kuwa umetaja matokeo ya wanafunzi, naomba tuanzie hapo. Kusakinisha Mint ni kazi nyepesi, ya kubofya na kusubiri. Mafaili hupotea pale mtu anapofika kwenye ukurasa wa kuchagua diski bila kujiandaa, akabonyeza chaguo la kufuta diski yote akidhani litafuta Windows peke yake. Nakili kila kitu unachokithamini kwenye diski ya nje, kisha ichomeke diski hiyo kwenye kompyuta nyingine na ufungue baadhi ya mafaili ili uone yanasomeka. Flashi utakayoitumia kusakinishia iwe nyingine kabisa, ya GB 8 au zaidi, kwa sababu programu ya kuiandalia, kama vile Rufus au balenaEtcher, hufuta kila kilichomo.

Kuhusu bando: faili la Mint toleo la 22 ni karibu GB 3. Nakushauri ulipakue kwa torenti (njia ya kupakua faili vipande vipande kutoka kwa watumiaji wengine), maana mtandao ukikatika upakuaji huendelea pale ulipoishia, na kila kipande huhakikiwa kinapofika. Ukilipakua kwa kivinjari, lihakiki mwenyewe kabla ya kuliandika kwenye flashi: ukiwa ndani ya Windows, fungua dirisha la amri katika folda lilimo, andika `certutil -hashfile` ikifuatiwa na jina la faili na neno `SHA256`, kisha linganisha tarakimu utakazopewa na zile zilizo kwenye tovuti ya Mint. Faili lililoharibika njiani huleta hitilafu za ajabu katikati ya usakinishaji, na mtu huishia kuilaumu mashine isiyo na kosa.

Baada ya hapo, washa laptopu kutoka kwenye flashi. Lenovo na Dell nyingi huonyesha orodha ya kuchagulia ukibonyeza F12, na HP nyingi hutumia Esc kisha F9. Mint itafunguka yote ikiwa ndani ya flashi bila kuandika chochote kwenye diski yako, na hatua hii ndiyo wanaoanza huiruka ingawa ina faida kubwa kuliko zote. Itumie kwa utulivu: jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa skrini, na uone kama laptopu inalala na kuamka ukifunga na kufungua kifuniko. Hapo pia LibreOffice, programu ya ofisi inayofungua mafaili ya Word, imo tayari, kwa hiyo fungua mitihani yako halisi uione kwa macho yako. Kwa RAM ya GB 4 chukua toleo la Xfce, lenye mwonekano mwepesi. Toleo la Cinnamon ni zuri zaidi kwa kutazama na litawaka, lakini kumbukumbu linayoitumia ni afadhali uiachie Firefox.

Salma_wa_Tanga

Nakubaliana na Fundi, ila swali la kuweka mifumo miwili pamoja linahitaji jibu la moja kwa moja. Inawezekana, Mwalimu. Ukiwa ndani ya Windows, kwanza zima kipengele cha kuwasha haraka (Fast Startup), kwa sababu kikiwa kazini Windows haizimiki kikamilifu na Mint huweza kukataa kuandika kwenye sehemu yake ya diski. Kisha punguza sehemu ya Windows kwa zana yake yenyewe ya kusimamia diski, uache nafasi tupu ya GB 100 hivi. Mint huhitaji angalau GB 20, lakini hiyo ni ya kubanana. Wenye laptopu mpya zaidi wahakikishe wanao ufunguo wa kurejesha wa BitLocker (kufuli la Windows linalosimba diski) kabla ya kugusa mipangilio ya BIOS, yaani ile ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka, la sivyo Windows inaweza kuwadai ufunguo wasiokuwa nao.

Pamoja na hayo yote, mimi kwa hali yako nisingefanya hivyo. Kupunguza sehemu ya diski yenye data ni kazi isiyotakiwa kukatishwa, na laptopu nyingi za umri huo zina betri iliyochoka, kwa hiyo umeme ukikatika katikati utakuwa umeyaweka matokeo ya wanafunzi mahali pa hatari pasipo sababu. Tafuta SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya SATA ya GB 240 ya inchi 2.5, mpe fundi aichomoe diski ya sasa ikiwa na Windows yake nzima na mafaili yake yote, uihifadhi kabatini, kisha Mint uiweke kwenye SSD iliyo tupu. Siku ukiihitaji Windows, diski yako iko vile vile. Zaidi ya hayo, laptopu ya kizazi cha 5 hubadilika mno ikipata SSD, kuliko inavyobadilika kwa kubadilishiwa mfumo endeshi peke yake.

Fundi_Nyamagana

Dada Salma amesema vizuri, nami naliunga mkono pendekezo la SSD mradi bajeti inaruhusu. Katika hali hiyo lile chaguo la kufuta diski yote ndilo sahihi, kwa kuwa diski iliyomo haina kitu.

Mwl_Fizikia

Nawashukuru sana. SSD nitaitafuta mwisho wa mwezi. Kwa sasa nimeiwasha Mint kutoka kwenye flashi kama nilivyoelekezwa: sauti na skrini havina tatizo, lakini Wi-Fi haionekani kabisa. Mitihani imefunguka, ingawa mistari imesogea na baadhi ya maswali yamehamia ukurasa unaofuata.

Fundi_Nyamagana

Wi-Fi isiyoonekana kwenye laptopu za wakati huo mara nyingi ni kadi ya Broadcom, ambayo draiva yake (programu ya kuiendesha) huongezwa baadaye. Unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe chaguo la kushiriki intaneti kwa USB. Mint itaiona kama mtandao wa waya bila kuhitaji kitu kingine. Ukishasakinisha, fungua kidhibiti cha draiva ukiwa umeunganishwa hivyo hivyo, uchague ile inayopendekezwa, kisha uwashe upya. Mara tu baada ya hapo weka picha ya kwanza ya mfumo kwa Timeshift, ili sasisho likileta shida uweze kurudi nyuma. Zingatia lakini kwamba Timeshift, kwa mpangilio wake wa kawaida, haihifadhi nyaraka zako binafsi. Hizo zinaendelea kuhitaji diski ya nje.

Mhariri_wa_Mitihani

Nami ni mwalimu, naomba nichangie upande wa Word. Mistari kusogea mara nyingi husababishwa na fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, kwa hiyo hazimo ndani ya Mint, lakini zipo Carlito na Caladea ambazo herufi zake zina upana ule ule. Sakinisha vifurushi `fonts-crosextra-carlito` na `fonts-crosextra-caladea`, na kurasa nyingi zitarudi mahali pake. Times New Roman na Arial zina mbadala wa namna hiyo katika fonti za Liberation.

Milinganyo ndiyo inayohitaji jicho la makini. LibreOffice huigeuza kuwa ya mfumo wake, na sehemu kubwa hutoka sawa, lakini vipeo, alama za vekta na mabano marefu vikaguliwe kimoja kimoja kabla ya kuchapa, kwa sababu kipeo kikishuka mstarini swali la fizikia huwa swali jingine. Mitihani ya miaka iliyopita ambayo huna haja ya kuihariri, igeuze yote kuwa PDF sasa hivi ukiwa bado ndani ya Windows. Mipya iandike moja kwa moja kwa LibreOffice na uihifadhi katika ODT, muundo wa LibreOffice yenyewe, kisha utoe PDF ya kupeleka kwenye printa. Kuhusu printa yenyewe, nyingi za HP hutambuliwa kupitia HPLIP, programu ya printa za HP iliyomo tayari, ila baadhi ya leza za Canon za jamii ya LBP huhitaji draiva kutoka tovuti ya Canon, kwa hiyo soma namba ya modeli ya printa ya shule na uichunguze kabla SSD haijafika.