Mhusika mpya wa katuni ahukumiwe kwa toleo moja?

Wakuu, wachapishaji wa katuni wana mazoea ya kumjaribu mhusika mpya ndani ya jarida la mchanganyiko, lile lenye hadithi tofauti tofauti, kabla ya kumpa jarida lake. Likiuza anapandishwa, lisipouza anazikwa kimya kimya. Wengi huuita huo mchujo wa haki. Mimi naona kinachopimwa hapo ni subira ya mchapishaji, mhusika anasingiziwa tu.

Mtazameni Flash wa DC, kampuni ya katuni ya Marekani. Jarida lao la Showcase lilianzishwa 1956 kwa kazi hiyo hasa, na Barry Allen, ndiye Flash huyo, akatokea toleo la 4 mwaka huohuo. Akarudishwa la 8, la 13, kisha la 14. Jarida lake likaja 1959. Majaribio manne! Wauza magazeti walikuwa wakirudisha nakala zilizobaki, kwa hiyo hesabu ya kweli ilimfikia mhariri baada ya miezi. Angekata shauri mapema, angekuwa anabahatisha.

Na Spider-Man wa Marvel, kampuni nyingine ya katuni, je? Alitolewa Amazing Fantasy toleo la 15, Agosti 1962, na hilo ndilo likawa toleo la mwisho la jarida lile. Machi 1963 akawa na lake. Watu huutumia mfano huu kuusifu mfumo, ilhali hapakuwa na toleo la 16 la kumpa nafasi ya pili. Wangapi hawakubahatika hivyo?

Mchangiaji: Mleta mada, unamwonea mchapishaji. Jarida jipya ni karatasi, wino, malipo ya wachoraji na kugombania nafasi kwenye rafu za duka. Mgeni akibebwa na jina lililozoeleka, hasara inapungua. Bila hivyo nani angethubutu na Ghost Rider, jamaa mwenye fuvu linalowaka moto juu ya pikipiki? Marvel Spotlight lilimtoa toleo la 5, 1972. Na hilo la hesabu kuchelewa, Wajapani wana dawa yake: jarida lao la katuni la Weekly Shonen Jump huwauliza wasomaji kwa kadi za maoni ni hadithi zipi zimewapendeza.

Mleta mada: Kadi nakubali, mkuu, ila zina ukatili wake. Hadithi inayoanza taratibu hukatwa kabla haijakolea.

Na kwa kuwa umetaja rafu: Iron Man aliingia Tales of Suspense toleo la 39 mwaka 1963, akakaa humo hadi 1968, anapendwa tayari. Mtihani gani wa miaka mitano? Marvel ilisambaziwa na Independent News, kampuni ya kundi la DC, mshindani wake (ndiyo, mmesoma vizuri), nayo ikawawekea kikomo cha idadi ya majarida. Kilipolegea, mashujaa wakagawiwa kila mtu na lake. Kwa hiyo si kila anayebanana na wenzake yuko kwenye majaribio.

Kwa walio kwenye majaribio kweli, mimi nasimama na matoleo matatu ndipo ahukumiwe. Mwenye idadi nyingine aitetee.