Madaktari wa ng'ambo na saratani yetu: kaunti idai nini?

Mwana wa Mokowe: Watu wa Lamu na Malindi, nina swali. Wageni huja na kambi ya matibabu, wanapima matiti na shingo ya kizazi, wanapiga picha za kumbukumbu, wanarudi kwao. Aliyekutwa na uvimbe anabaki na karatasi mkononi. Kaunti ikisaini ushirikiano mwingine na hospitali ya ng'ambo, tudai nini? Mimi nasema wafunzwe watu wetu, wa maabara kwanza. Kinyama kikikatwa na hakuna wa kukisoma, daktari atatibu nini?

Bin Shela: Yakhe, khaloo alipimwa na hao hao wako wa kupiga picha. Wakati huo wewe ulikuwa wapi?

Mwana wa Mokowe: Sijamtukana mtu. Soma tena.

Nesi Mstaafu: Wanangu, tulieni. Eldoret wako na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani zaidi ya miaka 30. Walianza kwa kufundishana, Ukimwi ukawakuta wameshajuana, na leo wanatibu saratani. Uganda nao Taasisi yao ya Saratani imeshirikiana na Fred Hutch, kituo cha saratani cha Seattle, Marekani, madaktari wamesomeshwa. Lakini 2016 mashine yao ya mionzi ya kutibu saratani ilipokufa, nchi nzima haikuwa na nyingine. Kwa hiyo mdai na fundi pia.

Kijana wa Malindi: Waitaliano wamejaa Malindi na bado tunapanda matatu kwenda Mombasa kutafuta mionzi! Kurusha roketi waliweza, pale Ngomeni, kwenye jukwaa lao la baharini. Ile setilaiti ya Uhuru ya 1971 ilienda kupiga nyota eksirei. Nyota zimehudumiwa kabla ya bibi yangu.

Mzee wa Ngomeni: Ni 1970, tarehe 12 Desemba, wewe hujazaliwa. Na haikupiga nyota chochote, ilipokea miale itokayo huko. Tena chombo kilikuwa cha Wamarekani.

Bin Shela: Chombo cha Marekani, jukwaa la Italia, bahari yetu. Sisi tukaambulia nini, Mzee? Moshi?

Mzee wa Ngomeni: Mimi nimesomesha watoto kwa mshahara wa pale. Chunga ulimi.

Mama wa Amu: Nyinyi endeleeni kurusha roketi. Mionzi si sindano ya siku moja. Ni kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki kadhaa. Mgonjwa wa Amu avuke Mokowe, apande basi mpaka Mombasa, halafu alale wapi? Wengi huacha katikati kwa sababu ya kitanda na chakula. Ningekuwa mimi kaunti, ningewaambia wageni: jengeni nyumba ya wagonjwa karibu na hospitali.

Nesi Mstaafu: Hapo umesema, Mama. Na chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi, je? Imeanza nchini 2019 kwa wasichana wa miaka 10, na wazazi wengine bado wanawaficha.

Kijana wa Malindi: Si nayo imetoka kwa hao hao wa ng'ambo? Watu wana haki ya kuogopa.

Nesi Mstaafu: Panadol unayomeza ilivumbuliwa Matondoni? Nimewaosha wanawake wa saratani ya kizazi kwa mikono hii. Usiniletee haki ya kuogopa.

Mwana wa Mokowe: Jamani, maabara! Hakuna aliyenijibu.

Bin Shela: Tutafika. Mzee, 1988 walipofunga kurusha, mlilipwa kiinua mgongo au mliambiwa kwaheri tu?

Mzee wa Ngomeni: Hilo ndilo swali la maana tangu asubuhi. Sikilizeni.