Rimu zimeng'aa siku tatu tu! Mafundi wa polishi, kutoka msasa 180 mnarukaje mpaka 1000??

Wakuu salama? Mimi si salama, nina hasira mpaka kutaipu kwenyewe ni shida.

Iko hivi. Nina gari, Toyota IST, rimu zake za alminiamu zilishachoka, klia (ile vanishi angavu ya juu) imekuwa njano halafu pembeni zimechubuka kwa kukwaruza ukingo wa barabara. Nikasema ngoja zipigwe polishi ziwe kioo. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja hapahapa Dar, simtaji, tukaelewana 35,000 kwa rimu, nne 140,000. Jumamosi jioni nafuata mzigo, ziko kivulini pale karakana zinawaka balaa, najiona mpaka meno, nikatoa hela yote na elfu tano ya soda juu. Boya mimi.

Jumanne nikaosha gari kwa sabuni nikaliacha juani. Kuja kucheki, mistari! Kila mkono wa rimu umejaa mistari kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Kumbe kile kioo cha Jumamosi kilikuwa ni mafuta ya ile dawa ya polishi yamejaa ndani ya mikwaruzo, sabuni imeyatoa, mambo hadharani.

Namrudia ananijibu eti "bosi, alminiamu ya Kijapani ndo ilivyo hiyo". Ya Kijapani!! Nikamwambia hebu nione misasa uliyotumia. Akatoa namba 180, ule unaokwaruza sana, na 1000, ule laini. BASI. Katikati hamna kitu.

Sasa jamani mimi sio fundi ila hata mimi najua msasa unapandishwa ngazi kwa ngazi. Umeanza na 180 kwa sababu ya michubuko, sawa, twende 240, 320, 400, 600, 800, 1000, 1500, ukitaka kioo kabisa malizia 2000, kuanzia 400 hivi unatumia maji na sabuni kidogo maana alminiamu ni laini, unga wake unaziba msasa halafu unachora upya. Na kila namba unabadili upande, kama hii ulisugua kwa urefu inayofuata unakata kwa upana, ili uone mistari ya zamani imeisha au bado. Ukitoka 180 ukarukia 1000 unalainisha vilele tu, mabonde yako palepale, hata upige mashine ya kitambaa mpaka kesho. Polishi haifuti mkwaruzo wa 180, inaung'arisha!

Na si hilo tu. Kwenye kona klia ya zamani hajaibandua kabisa, kapaka dawa juu yake, ni njano vilevile. Mkono mmoja kaubonyeza na diski ya grainda, ileile ya kuchongea mageti, umekuwa na mawimbi, ukijiangalia pale uso unakuwa mrefu kama wa punda.

Hela harudishi, anasema "ishaliwa hiyo". Jana nikanunua misasa yangu, nikachagua sehemu ndogo ya ukubwa wa kiberiti tu, nikapanda namba zote kwa mkono, karibu masaa mawili na vidole vimekufa ganzi. Mwisho nikapaka polishi ya tyubu, kitambaa kikawa cheusi tii (nyie mnaodhani ule ni uchafu, ni alminiamu yenyewe inayotoka hiyo), nikafuta, nikaosha kwa sabuni MARA MBILI, nikaweka juani. Namba ya gari la jirani inasomeka pale, kinyumenyume lakini inasomeka.

Kwa hiyo sasa hivi natembelea rimu nne za mistari na kiberiti kimoja cha kioo, wife anacheka kila akipita.

Kazi inawezekana wakuu, tatizo uvivu. Nitajieni fundi anayepanda namba zote, hata akitaka 60,000 kwa rimu nalipa, ila naosha kwa sabuni palepale mbele yake kabla sijatoa mia.