Mjadala: Je, House II ilikuwa na haki ya kuitwa sehemu ya pili?

Mleta mada:

Ndugu wapenzi wa sinema, ninaleta mezani swali ambalo kila likiguswa huzua ubishi: je, ni halali kwa mtengenezaji wa filamu kubandika namba mbili juu ya hadithi isiyo na mtu, jengo wala tukio hata moja lililotoka katika ile ya kwanza? Ili tusipotee katika maneno ya jumla, naomba tulijadili kwa mfano mmoja, yaani House II: The Second Story, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1987 inayochanganya vichekesho, mizuka na vituko vya kimaajabu, ambayo hadi leo wapo wanaoishutumu kwamba iliwauzia watazamaji mbuzi kwenye gunia.

Kwa ambao hawakuziona, ya kwanza, iliyoitwa House, ilitoka mwaka 1986 chini ya uongozaji wa Steve Miner. Roger Cobb, mwandishi wa riwaya aliyepigana vita vya Vietnam, anahamia katika nyumba ya marehemu shangazi yake, nyumba ileile ambamo mwanawe mdogo alitoweka, akikusudia kuandika kitabu kuhusu vita hivyo. Mazimwi yanamtokea usiku, na mwishowe inabainika kwamba anayemwandama ni Big Ben, askari mwenzake aliyejeruhiwa porini, akamsihi Roger amuue kabla adui hawajamkamata, naye Roger hakuthubutu. Ni filamu inayochekesha, lakini chini ya kicheko chake kuna donda.

Ya pili haina Roger, haina mtoto wake, haina Vietnam, na hata nyumba si ileile. Hapa kijana Jesse anarudi katika jumba la ukoo wake, na pamoja na rafiki yake Charlie anafukua kaburi la babu wa babu yake akitafuta fuvu la kioo lililotoka katika hekalu la Waazteki. Fuvu wanalipata, ila wanalipata pamoja na mzee mwenyewe, aliyekauka kama nyama ya ng'onda lakini yu hai, mchunga ng'ombe wa zama za kale ambaye jambo la kwanza linalomhuzunisha ni kujiona kwenye kioo na kugundua kwamba fuvu lilimpa uhai bila kumpa ujana. Kuanzia hapo, wezi wa kila zama wanaingia kupitia vyumba vya jumba hilo kulinyakua fuvu, na nyuma yao wote yuko Slim Razor, mshirika wa zamani wa mzee huyo, ambaye kufa hakujampunguzia uchu.

Msimamo wangu ni kwamba House II ilikuwa na haki kamili ya kuitwa sehemu ya pili, kwa sababu katika filamu ya nyumba yenye mizuka kinachoendelezwa ni kanuni ya nyumba, wala si majina ya wapangaji. Katika ile ya kwanza, Roger anavunja kabati la dawa lililoko bafuni na kukuta giza lisilo na sakafu, anajitosa kwa kamba, na safari hiyo inamfikisha katika pori la vita alimokuwa akishikiliwa mwanawe. Katika ya pili, mlango wa ghorofani unafunguka kwenye msitu wa kabla ya historia, na ukuta uliobomoka unafunguka kwenye madhabahu ya Waazteki. Wazo ni lilelile: nyumba hii kwa nje ni jengo la kawaida, kwa ndani haina mwisho. Wala si jambo la kushangaza, maana Ethan Wiley aliyeandika mswada wa kwanza kutokana na hadithi ya Fred Dekker ndiye aliyeandika na kuongoza wa pili. Mtayarishaji wa zote mbili ni Sean S. Cunningham, mpiga picha ni Mac Ahlberg na mtunzi wa muziki ni Harry Manfredini.

Tena niruhusuni nitaje tukio moja ambalo kwangu linatosha kuitetea filamu nzima. Fundi umeme aitwaye Bill, anayeigizwa na John Ratzenberger, anakuja kukagua nyaya. Anachungulia nyuma ya ukuta, anaona kwamba kuna ulimwengu mwingine, na anatoa taarifa hiyo kwa sauti ya mtu anayesema fyuzi imeungua. Nyumba kuukuu, anaona, huwa na mambo kama haya. Kisha anafungua mkoba wa vifaa vyake, anatoa upanga, anaongoza vijana kupigana na makuhani na kumwokoa msichana aliyekuwa achinjwe kafara, halafu anaacha kadi yake ya kazi na kujiendea zake. (Fundi wa mtaani kwetu angedai nauli kwanza.) Kinachofanya tukio hilo lifaulu ni kwamba Bill hashangai hata kidogo, na kwa kutoshangaa kwake anatuambia kwamba nyumba za aina hii zipo nyingi mjini na kila moja ina hadithi yake. Filamu yenyewe imejibu swali letu kupitia fundi.

Karibuni mnipinge.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, hoja yako imepangwa vizuri, lakini inamsahau mtu mmoja, naye ni yule aliyekata tiketi. Mtu huyo hakununua mawazo ya Ethan Wiley, na kwa hakika hakujua mpiga picha ni nani. Alichokiona ni bango. Bango la mwaka 1986 lilikuwa na mkono uliooza, uliokatika, ukibonyeza kengele ya mlango. Bango la mwaka 1987 likaja tena na mkono wa maiti wa namna hiyohiyo. Huo mkono ndio uliokuwa ahadi, na ahadi yenyewe ilihusu hofu, si kanuni za ujenzi wa nyumba.

Sasa tazama kilichotolewa ndani. Ya kwanza ilipewa daraja la R nchini Marekani, maana yake mtoto wa chini ya miaka 17 hakuruhusiwa kuingia bila mzazi au mtu mzima; ya pili ikashushwa hadi PG-13, daraja linalowaruhusu watoto kuingia huku wazazi wakitahadharishwa tu. Badala ya askari aliyeoza anayedai deni la kifo chake, tunapewa kiumbe ambaye nusu yake ni kiwavi na nusu mbwa, pamoja na kinda la mnyama arukaye wa zama za dinosaria, vyote viwili vikilelewa humo nyumbani kama paka. Slim Razor, ambaye peke yake ndiye angeweza kutisha, anaonekana mwanzoni akiwaua wazazi wa Jesse, kisha anapotea kwa sehemu kubwa ya filamu, na anaporudi tumekwisha kumsahau. Siwezi kukubali kwamba filamu ya kutisha iliyomweka mzuka wake likizo imeendeleza chochote.

Na watazamaji walitoa hukumu yao. Ya kwanza iliingiza takribani dola milioni 19 katika majumba ya sinema ya Marekani. Ya pili haikufika milioni 8. Unaweza kusema soko halipimi ubora, nami nitakubali, lakini linapima imani, na imani ikivunjwa mara moja hairudi kwa kumsifu fundi umeme.

Mchangiaji wa pili:

Ninawasalimu wote. Nadhani mnabishana juu ya kosa dogo ilhali kuna kosa kubwa zaidi la aina hiihii ambalo halijatajwa. Tuliokulia na sinema za Kihindi tunaikumbuka Bhool Bhulaiyaa ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Priyadarshan, ambayo nayo ni ya vichekesho na ya jumba la kifalme lenye mzuka. Uzito wake wote ulikuwa katika ufumbuzi: mzuka wa Manjulika, mcheza ngoma wa zamani, haukuwapo kabisa; aliyekuwa akimwigiza bila kujua ni Avni, mke wa mwenye jumba, aliyeumwa nafsi, na aliyemponya ni daktari wa akili aliyeigizwa na Akshay Kumar. Mganga hakuhitajika ila kama sehemu ya mchezo wa tiba.

Mwaka 2022 ikaja ya pili, chini ya Anees Bazmee, pamoja na Kartik Aaryan. Jina la Manjulika limo, wimbo maarufu umo, na Rajpal Yadav amerudi na mhusika wake, Chhote Pandit. Kwa vipimo vya kawaida huo ni muendelezo halali kuliko House II. Lakini safari hii mzuka ni wa kweli! Kwa maneno mengine, filamu ya pili imechukua watu wa kwanza, wimbo wa kwanza na jina la kwanza, ikakana jambo lile moja lililoifanya ya kwanza istahili kukumbukwa.

Kwa hiyo ninamuunga mkono mleta mada, ila kwa sababu nyingine. House II haikumkana mtangulizi wake. Ilijenga kiwanja cha jirani bila kubomoa ukuta wa mwenzake.

Mchangiaji wa tatu:

Mimi nitasema kwa ufupi. Namba mnayoibishania mara nyingi si ya mwongozaji hata kidogo, ni ya msambazaji. Nchini Italia filamu ya Sam Raimi ya mwaka 1981, The Evil Dead, iliuzwa kwa jina la La Casa, yaani nyumba, na muendelezo wake ukawa La Casa 2. Jina lilipouza, Waitalia wakatengeneza za kwao zisizohusiana na Raimi na kuziita La Casa 3, 4 na 5. Kisha House II, hii tunayoijadili, ikaingizwa humo kama La Casa 6! Mtazamaji wa huko aliipata kama sehemu ya sita ya mfululizo ambao Wiley hakuwa na habari nao. Tuliotazama kanda za video zilizotafsiriwa kwa sauti vibandani hatuna la kushangaa, maana mkanda mmoja ulikuwa na majina kadiri ya vibanda ulivyopitia. Ukimlaumu Wiley kwa namba, inabidi kwanza useme ni namba ya nchi gani.

Mleta mada:

Ninawashukuru. Nianze na hoja ya mchangiaji wa kwanza, ambayo ndiyo nzito. Kuhusu Slim Razor nakubaliana naye kabisa: adui anayelala saa nzima ni udhaifu wa mswada, na hakuna kanuni ya nyumba itakayouziba. Lakini udhaifu wa filamu ni jambo moja na haki ya jina ni jambo jingine. Zipo sehemu za pili dhaifu zenye watu walewale, nyumba ileile na mzuka uleule, na hakuna anayezinyang'anya namba zao.

Hebu tuangalie yaliyofuata katika mfululizo wenyewe, kwa sababu ushahidi wa kweli uko huko. Mwaka 1989 Cunningham alitoa The Horror Show, kisa cha muuaji aliyeuawa kwa kiti cha umeme akarudi kuiandama familia ya mpelelezi aliyemkamata. Marekani iliuzwa kwa jina hilo, lakini katika nchi nyingine iliitwa House III. Huko ndiko ninakoona udanganyifu, kwa kuwa hata wazo la nyumba isiyo na mwisho halimo. Matokeo yake ni kichekesho kuliko chochote kilichomo ndani ya filamu zenyewe: mwaka 1992 ilipokuja House IV, Mmarekani aliyekwenda kununua mkanda alikuta mfululizo una ya kwanza, ya pili na ya nne.

Na hiyo House IV ndiyo iliyotimiza matakwa ya wanaodai watu walewale. William Katt alirudi kama Roger Cobb. Alirudi akiwa na mke mwingine na binti, huku yule mwana aliyeokolewa gizani kwa kamba hatajwi tena, na mapema kabisa anakufa katika ajali ya gari. Nawauliza wanaoshikilia kigezo cha wahusika: je, huo ndio muendelezo mliokuwa mkiutaka? Jina la Roger limo, sura ya Roger imo, lakini kila kilichomfanya Roger kuwa Roger kimefutwa, sawasawa na alivyofanyiwa Manjulika katika mfano wa mchangiaji wa pili.

Ninachopendekeza ni kidogo tu. Bango la mwaka 1987 lingeongezewa mstari mmoja chini ya ule mkono: nyumba nyingine, ukoo mwingine, mizuka mingine. Hapo mkata tiketi asingekuwa na la kulalamika, na Wiley angeihifadhi namba yake.

Mchangiaji wa kwanza:

Lingeandikwa hivyo, ndugu yangu, mimi nisingekata tiketi. Na nadhani msambazaji alilijua hilo, ndiyo maana hakuuandika.