Je, wanamuziki wa pop hupiga kinanda kweli jukwaani?

Muulizaji:
Ndugu zangu, juzi nilitazama video ya tamasha la bendi moja ya pop, nikamwona mpiga kinanda akiinua mikono yote miwili kuwapungia mashabiki, ilhali sauti ya kinanda iliendelea bila kukatika. Je, hawa watu wana ustadi kiasi gani hasa?

Mpenzi wa piano:
Si haki kuwapima wote kwa kipimo kimoja. Elton John alipata ufadhili wa kusomea piano katika Royal Academy of Music ya London akiwa na miaka 11. Alicia Keys naye, katika sherehe za tuzo za muziki za Grammy za mwaka 2019, aliketi katikati ya piano mbili akazipiga kwa wakati mmoja, mkono mmoja huku na mwingine kule, huku akiimba. Ustadi huo hauigizwi.

Fundi mitambo:
Ulichokisikia huenda kilikuwa sauti iliyorekodiwa kabla, ambayo mpiga ngoma huifuata kwa mlio wa mapigo anaousikia masikioni mwake. Bendi ya Depeche Mode ya Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikuwa na mashine ya kanda jukwaani ya kuchezea sauti kama hizo. Hata hivyo, kuna vinanda vinavyorudia noti vyenyewe baada ya kubonyezwa mara moja, na kubadilisha sauti za kinanda mara tatu au nne katikati ya wimbo bila kukosea mapigo ni kazi ninayoiheshimu sana.

Muulizaji:
Nashukuru. Nitaitazama tena, safari hii nikimwangalia mpiga ngoma.