Kikundi cha familia: SAFARI YA SHOSHO

Wambui (Vilseck, Ujerumani, karibu na kambi ya jeshi la Marekani): Habari za jioni nyote. Vitu vyetu vya Texas vimefika leo, sebule imejaa maboksi mpaka mlangoni. Kabla sijachomeka chochote ukutani nataka kumsikia Mjomba. Soketi za hapa ni kishimo cha duara chenye matundu mawili. Walioleta fenicha za kuazimwa na kambi wametuachia transfoma mbili, nzito kama mawe ya kusagia.

Mjomba Fundi (Free Area, Nakuru): Usichomeke kitu. Geuza kila chombo, soma kibandiko cha chini au cha nyuma, halafu uniandikie.

Wambui: Chaja ya laptop: 100–240V, 50/60Hz.
Sufuria ya stima ya kupikia wali: 120V, 60Hz, 700W.
Blenda: 120V, 60Hz, 500W.
Saa ya mezani ya stima: 120V, 60Hz.
Ekstensheni ya soketi sita: 125V.

Mjomba Fundi: Chaja haina neno. Ikiandikwa 100–240 inakula stima ya nchi yoyote, unatafuta adapta ya plagi tu. Simu na kamera ni vivyo hivyo.

Sufuria ya wali, hapana. Ujerumani ni volti 230, hertzi 50. Chombo cha kutoa moto ukikiongezea volti, wati zake hupanda kwa mraba. Chukua 230 gawa kwa 120, jibu ulizidishe kwa lenyewe: karibu 3.7. Zile wati 700 zinakuwa zaidi ya 2,500, na waya wa ndani utakatika kabla mchele haujaloa. Ukiipitisha kwenye transfoma itapika vizuri, ila transfoma iwe ya wati 1,000 kwenda juu. Usiipe mzigo unaoifikisha ukingoni.

Mjomba Fundi: Blenda pia ipitie transfoma, na usidanganywe na hizo 500. Mota ikianza kuzunguka hunyakua nguvu kuliko ilivyoandikwa, ndiyo fyuzi ya transfoma ndogo hukatika palepale unapobonyeza. Tumia hiyo ya 1,000.

Saa ndiyo itakuchekesha. Transfoma hubadilisha volti, hertzi inaziacha vilevile. Saa nyingi za mezani za stima huhesabu kwa hertzi, sasa imezoea 60 inapewa 50. Kila saa moja itachelewa dakika 10. Weka kwa boksi, nunua ya betri.

Mama Tasha (Vilseck): 😂 Hiyo ya saa wengi hufikiri imeharibika njiani.

Mjomba Fundi: Ekstensheni usiichomeke ukutani hata kwa kujaribu. Nyingi za Marekani zina kinga ya stima ya ghafla ndani, imepimwa kwa 120. Ikipewa 230 inaona ni ghafla isiyoisha, inalipuka moshi. Ukitaka kuitumia, iwe upande wa pili wa transfoma, baada ya kushusha. Na ujumlishe wati za vyote vilivyochomeka humo.

Wambui: Na transfoma inaweza kukaa imewaka siku nzima?

Mjomba Fundi: Inaweza, lakini inakula stima hata haina kazi, na inapata joto. Izime kwa swichi ukimaliza kupika. Usiifunike na kitambaa, usiiweke nyuma ya pazia.

Mama Tasha: Pasi na kikausha nywele vya Marekani sahau kabisa. Vina wati 1,500 mpaka 1,800, transfoma ya kubeba hiyo ni mzigo wa mtu mzima na bei yake inanunua pasi tatu za Kijerumani. Duka la mitumba la kambini ndiko familia zinazorudi Marekani huacha vyombo vya 230. Anzia huko.

Shosho (mama yake Wambui): Mimi nilikuwa nimepanga kumletea Wambui blenda yangu hii ya kusaga njugu, na birika la stima. Sasa navyo vitalipuka?

Mjomba Fundi: Dada, vyako ndivyo vitafanya kazi kuliko vya Texas! Kenya ni volti 240, hertzi 50. Tofauti ya 240 na 230 ni ndogo, birika litachelewa kuchemka kidogo tu. Kinachotofautiana ni plagi: yetu ya pini tatu za bapa haiingii kwenye kishimo cha duara. Tafuta adapta yenye vibati vya ardhi pembeni, iliyoandikwa ampea 13. Zile nyepesi za pini mbili nyembamba ni za simu, ukizipa birika la wati 2,200 zinayeyuka.

Bahati (tikiti, Nakuru mjini): Shangazi, kabla ya birika kuna viza. Tusipakie mzigo wa mtu ambaye hajaruhusiwa kuingia.

Shosho: Haya sema. Nataka kukaa miezi sita mpaka mtoto wa Wambui aanze kuketi mwenyewe.

Bahati: Haiwezekani Shangazi. Viza ya matembezi ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ni siku 90 ndani ya siku 180. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Watu huhesabu "miezi mitatu", wanaingia 10 Januari na kukata tikiti ya kurudi 10 Aprili. Hiyo ni siku 91, ushazidisha. Wewe ukiingia 10 Januari, mwisho ni 9 Aprili, na mimi nitakukatia ya tarehe 7 tuwe na nafasi.

Maombi yanapokelewa mapema kabisa miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na ukikataliwa hairudi. Bima ya safari ifikie yuro 30,000 angalau na ihusishe siku zote utakazokaa. Pasipoti iwe haijapita miaka 10 tangu itolewe, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kufanya kazi miezi mitatu baada ya siku ya kutoka.

Wambui: Lakini sisi hatukuomba viza ya kukaa. Tuna muhuri wa SOFA, mkataba wa wanajeshi wa NATO walio nchi ya kigeni, kwenye pasipoti.

Baba Tasha (Vilseck): Huo ni wa mwanajeshi na wategemezi walioandikwa kwenye amri yake ya uhamisho. Unatokana na mkataba wa NATO wa 1951 na ule wa nyongeza wa Ujerumani wa 1959. Shosho si mtegemezi kwenye karatasi hiyo, kwa hiyo yeye ni mgeni wa kawaida: viza yake, bima yake. Asipitie mlango wenu uwanjani akijaribu kuonyesha karatasi za jeshi, zitamchanganya askari wa mpakani bure.

Na zahanati ya kambini haitamhudumia kama ninyi. Akiugua ni daktari wa mjini kwa bima ile ya Bahati. Ikiwa dharura, 112 ni ambulansi na zima moto, 110 ni polisi. Andika kwa karatasi kubwa ubandike kwenye friji, pamoja na anwani ya nyumba ilivyoandikwa Kijerumani. Akiulizwa yuko wapi asome herufi moja moja.

Shosho: Dawa zangu za presha?

Bahati: Za miezi mitatu, ndani ya pakiti zake za asili, kwenye mkoba wa mkononi. Daktari akuandikie barua yenye jina la dawa yenyewe, si jina la kampuni pekee.

Mama Tasha: Sasa chakula, maana hapo ndipo Shosho atanyang'anywa vitu. Kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, nyama ya aina yoyote hairuhusiwi, hata kavu, hata ya kukaanga. Maziwa na vitokanavyo pia: mursik, samli, siagi, vyote vinatupwa pale pale. Parachichi na majani mabichi ya managu yanataka cheti cha afya ya mimea, na mbegu za managu pia, msidhani kapakiti ka mbegu hakaonekani. Ndizi mbivu zinaruhusiwa bila cheti, mnisamehe sijui ni nani atabeba ndizi.

Unga wa ugali, sawa. Majani chai, sawa. Omena kavu, sawa. Samaki ni mpaka kilo 20 kwa mtu, hatutafika huko. Asali isizidi kilo 2.

Wambui: Mama, leta unga. Hapa unga wa mahindi ninaouona ni wa njano wenye chembe kubwa, ukiusonga unabaki na mchanga. Sukuma ipo lakini ni ile iliyojikunja.

Mama Tasha: Inaitwa Grünkohl, na ni ya msimu wa baridi. Ukiipata Januari nunua nyingi, katakata, chemsha dakika mbili, tia friza. Mwezi wa sita utaitafuta usiione.

Mama Tasha: Wambui, umezungumza juu ya kusonga ugali. Hebu nikwambie juu ya madirisha kabla mwenye nyumba hajakwambia.

Nyumba hizi zimezibwa sana. Mvuke wa sufuria, wa kuoga, wa nguo ulizoanika ndani, hata pumzi zenu mkilala, hauna pa kutokea. Unagonga ukuta wa nje ambao ni baridi, unageuka maji, na baada ya wiki chache kuna ukungu mweusi pembeni mwa dari. Mwenye nyumba atasema hamfungui madirisha, na atakata kwenye amana. Amana kisheria haipiti kodi tupu ya miezi mitatu, yaani bila gharama za hita na maji, lakini hiyo si pesa ya kuchezea.

Kishikio cha dirisha kikiangalia chini, limefungwa. Kikilala, linafunguka lote kama mlango. Kikiangalia juu, linainama juu kidogo tu. Makosa ya wengi ni kuliacha limeinama siku nzima wakati wa baridi. Hewa haibadiliki vizuri, na ukuta unaozunguka dirisha unapoa, ukungu unapata makao. Fungua kabisa madirisha ya pande mbili, dakika 5 mpaka 10, mara tatu kwa siku, na tena mara tu baada ya kupika. Kabla ya kufungua, zungusha kidude cha hita mpaka kwenye alama ya nyota. La sivyo kinahisi baridi na kufungua moto wote, mnapasha barabara. Ukifunga dirisha rudisha kwenye 3, hiyo ni kama digrii 20.

Kabati zisigusane na ukuta wa nje. Acha nafasi ya vidole vinne.

Shosho: Mtoto mchanga na dirisha wazi Januari!

Mama Tasha: Mtoto ahamishiwe chumba kingine kwa hizo dakika, Shosho, kisha arudi. Baridi ya dakika tano haitoi ukuta joto lake. Ukungu ndio mbaya kwa kifua.

Baba Tasha: Taka. Pipa la karatasi, la mabaki ya jikoni, la plastiki na mikebe, na la taka nyingine. Rangi hubadilika wilaya hadi wilaya, soma kalenda ya taka mliyopewa. Mkichanganya, gari linaliacha pipa hapo na karatasi juu yake, majirani wote wanasoma. Chupa za vioo hupelekwa kwenye makontena ya mtaa: nyeupe, kijani, kahawia. Si Jumapili, na si usiku, kwa sababu ya kelele. Jumapili hakuna kukata nyasi wala kupiga drili, na maduka yamefungwa, kwa hiyo maziwa mnunue Jumamosi.

Chupa za plastiki na mikebe ya vinywaji msitupe kabisa. Nyingi mmelipia amana ya senti 25 kila moja, mashine ya dukani inarudisha. Msizikanyage, mashine inasoma alama ya pembeni.

Shosho: Hiyo kazi nipeni mimi. Senti 25 ni shilingi ngapi?

Bahati: Kama thelathini na kitu, Shangazi.

Shosho: Kwa chupa moja! 😳

Wambui: Baba Tasha, na leseni? Nina ya Texas.

Baba Tasha: Haitoshi peke yake. Kuna mtihani wa kuandika wa leseni ya jeshi la Marekani huku, pamoja na alama za barabarani. Wengi huangushwa na kitu kimoja: kulia kwanza. Kwenye makutano ya kijijini yasiyo na alama yoyote, anayetoka kulia kwako ndiye wa kwanza, hata kama njia yake ni kichochoro na yako ni pana. Ukiona almasi ya njano yenye ukingo mweupe, uko kwenye barabara yenye kipaumbele. Ikipigwa mstari, kipaumbele kimeisha. Bango la njano lenye jina la kijiji ni kilomita 50 kwa saa kuanzia hapo, hakuna kibao kingine kitakachokukumbusha.

Kwenye barabara kuu usimpite mtu kwa kulia kwake, na usiishiwe mafuta, kusimama bila sababu ni kosa na mafuta kuisha si sababu. Matairi ya theluji yawe na alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani. Tangu Oktoba 2024, tairi lenye herufi M+S peke yake halitoshi barabara ikiwa na barafu.

Mama Tasha: Na ukienda kununua kitanda cha mtoto dukani mjini, beba fomu ya NF-1 kutoka ofisi ya kodi ya kambini. Inakuondolea kodi ya asilimia 19 kwa ununuzi ulio chini ya yuro 2,500. Fomu inatangulia risiti. Ukinunua leo na kuleta fomu kesho, hiyo asilimia imekwenda.

Kahawa ya dukani kambini ina mgao. Shosho kunywa mezani kwenu hakuna shida, kumuuzia jirani ni kosa la forodha.

Shosho: Mimi ni wa chai. Bahati, tikiti ni kilo ngapi?

Bahati: Hiyo ninayoiangalia ni begi moja la kilo 23, na la mkononi 8.

Shosho: Unga pakiti nne, kilo nane. Omena mbili. Majani chai mbili. Shuka na nguo za mtoto tatu. Nguo zangu tano. Ni ishirini. Blenda?

Mjomba Fundi: Kilo tatu na gramu kadhaa na jagi lake la kioo. Nimeipima kwa mizani ya duka.

Shosho: Basi blenda ibaki, birika pia. Niongezeeni pakiti ya unga, na mwiko uingie katikati ya nguo.

Wambui: Mama, mwiko wa Texas ninao.

Shosho: Ule wa plastiki?