Wachezaji waliozaliwa nje au vijana wa ligi ya ndani? Naomba ushauri

Wakuu, nimo kwenye kamati ya timu ndogo ya taifa ya raga ya ligi, ile ya wachezaji 13 kila upande, na hatuelewani. Kanuni zinamruhusu mtu kuchezea nchi ya mzazi au hata ya babu au bibi yake, basi wenzangu wanataka kikosi kijae vijana waliozaliwa Australia na Uingereza. Siwalaumu. Samoa ilicheza fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022 ikiwa na wengi waliokulia Australia na New Zealand, na Lebanon ilifika robo fainali 2017 na 2022 kwa njia hiyohiyo.

Ila ligi yetu ya ndani inasuasua. Kijana akishajua jezi ina wenyewe ng'ambo, mazoezini atafuata nini? Nawaza tutenge theluthi ya kikosi kwa wa nyumbani, na wageni wabaki kidogo baada ya mechi wawanoe makocha wetu (wakikubali, maana klabu zao hazipendi).

Mliopitia haya: kutenga nafasi kunasaidia, au kunashusha tu kiwango? Na nauli za ndege zinazomeza bajeti, mlizibana vipi?